Matatu ya gemu yako inapaa kwa jirani? Usihamie injini nyingine

Wiki hii kijana mmoja wa Kayole ameniandikia. Anatengeneza gemu ya matatu kwa Godot, injini yaani programu ya kuundia gemu. Kwenye laptopu yake gari linakwenda vizuri, kwa rafiki yake linapaa kwa kasi kupita kiasi. Amechoka, anataka kuhamia Unity, injini nyingine. Ndugu yangu, tulia. Kosa hilo utalikuta Unity limekusubiri.

Mstari alionitumia ni huu: `position.x += 5`, ndani ya `_process`. Funksheni hiyo huitwa mara moja kwa kila fremu, yaani kila picha inayochorwa kwenye skrini. Kwenye fremu 60 kwa sekunde, matatu inasogea pikseli 300 kila sekunde, kwenye 144 inasogea 720, na simu ya bei nafuu inayojikokota kwa 30 inaipa 150 tu. Andika `position.x += 300 * delta`. Delta ni muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, kwa sekunde, kwa hiyo mwendo unakuwa mmoja kila mahali.

Wengi hujikwaa tena wakishahamia `CharacterBody2D`, nodi ya Godot ya vitu vinavyotembea na kugongana. Hapo `velocity` (kasi) usiizidishe kwa delta kabla ya `move_and_slide()`, inayosogeza gari, maana katika Godot 4 funksheni hiyo hujizidishia yenyewe. Ukirudia, 300 inageuka 5 na matatu inatambaa kama iko Mombasa Road saa kumi na mbili jioni. Mvutano wa ardhi (graviti), lakini, unabaki na delta yake: `velocity.y += 980 * delta`, kwa kuwa huo unabadilisha kasi. Yote hayo yakae ndani ya `_physics_process`, ambayo isipoguswa huitwa mara 60 kwa sekunde.

Usiamini macho, pima. Weka `Engine.max_fps = 30`, endesha, kisha weka 60. Dirisha la Godot 4 lisipobadilishwa lina upana wa pikseli 1152, hivyo kwa mwendo wa 300 matatu ilivuke kwa sekunde 4 kasoro kidogo mara zote mbili. Ikichukua karibu 8 kwenye fremu 30, kuna mstari umesahau delta.

Na ile 300 usiitawanye kwenye skripti nzima. Iandike juu mara moja, `@export var mwendo := 300.0`, uirekebishe kwenye Inspekta, paneli ya mipangilio ya Godot, bila kugusa msimbo.

Kuhusu kukata tamaa: gemu yenyewe ina Nairobi nzima, mvua, polisi, sacco nne na usiku na mchana. Nani asingechoka? Bakiza barabara moja, steji moja, abiria watatu, sekunde 60. Magari yawe mistatili ya rangi. Wazo jipya likija, liende kwenye faili la `baadaye.txt`, si kwenye msimbo.

Badilisha kitu kimoja, cheza, kikikubali andika `git add -A` halafu `git commit -m "abiria anashuka"`. Git, programu inayohifadhi kila hatua ya msimbo wako, hufanya kazi ndani ya mashine yako, haili bando. Ukibadilisha vitu sita kwa mpigo na gemu ikagoma, utatafuta mkosaji kati ya sita, huku betri ikiisha na stima haijarudi.

Barabara ya pili ngojea kwanza mtu mwingine aicheze ya kwanza hadi mwisho bila kukuuliza abonyeze wapi.