Kunyonyesha na kutafuta mimba

SWALI: Mwanangu ana miezi 23 na bado ananyonya, hasa usiku. Tunatamani mtoto wa pili, lakini hedhi yangu inayumba. Je, ni lazima nimwachishe ziwa? – Mama, Jinja

JIBU: Si lazima, dada. Mtoto anyonyapo, mwili hutoa homoni ya prolaktini, ambayo huchelewesha kupevuka kwa yai, na kwa kuwa homoni hiyo hupanda zaidi usiku, anza kwa kupunguza kunyonyesha saa hizo, ukimshibisha kwa uji wa wimbi kabla hajalala. Shirika la Afya Duniani hushauri kungoja angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Kwa hiyo, usijilaumu, hujachelewa. Anza sasa vidonge vya asidi ya foliki, na hedhi isipotulia, umwone mkunga au daktari.