Maji ya mtaro yana mwenyewe: kwa vijana wapya wa salongo (kazi ya pamoja ya usafi), Bukavu

Mmetukuta mwezi wa nane, hiyo ni bahati. Hapa Bukavu mvua inakatika mwezi wa sita na kurudi mwezi wa tisa. Katikati ya hapo milima yetu inalala na kila kitu: vumbi, majivu, sashe (vifuko vya plastiki), maganda, mafuta ya motere (injini) yaliyomwagwa mbele ya garaji. Mvua ya kwanza inafagia vyote kwa saa moja na kuviteremsha ziwa Kivu. Ndiyo maana ni chafu kuliko zote za mwaka. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nangoja inyeshe ndipo nishike peli (koleo). Kumbe kazi ilikuwa imeshaisha bila mimi.

Jueni kwamba maji ya mtaro hayapiti popote pa kusafishwa. Yanaingia mto Kawa au Wesha, yanafika ziwani, na kinachoelea kinavutwa kuelekea Ruzizi, mto unaotoka ziwani. Chupa na sashe zinazojaa mbele ya bwawa la Ruzizi I, hadi watu wanashinda wakizitoa zisizibe mitambo ya umeme, zilitoka kwenye avenyu (mtaa) kama yenu. Amri ya serikali ya kukataza sashe ilitoka Desemba 2017. Katika mtaro bado sijakutana nayo.

Jumamosi yangu ya kwanza tulikuwa Kadutu. Tulizibua mtaro tangu asubuhi, tope tukalipanga pembeni kwa ustadi, na mama mmoja jirani akatuletea sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga kwa kutushukuru. Usiku ikanyesha. Jumapili nilipopita kwenda misa, tope lote lilikuwa limerudi ndani. Mama yule alinisalimia vizuri tu, lakini sambaza sikuziona tena. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa peli nauliza: tope linakwenda wapi, na nani ana burueti (toroli)?

Anzeni chini, mpande. Mlimani maji yana mbio, hayaachi kitu. Yakifika penye tambarare, au kwenye bomba la saruji chini ya barabara, yanapumzika na kuacha mchanga. Hapo ndipo pa kufungua kwanza. Ukianza juu, unamsukumia mwenzako wa chini mzigo wako.

Sasa ile kazi yenyewe, ambayo haina peli. Chagueni siku ambayo mvua haijanyesha kwa siku tatu nne, mtembee kando ya mtaro. Ukiona maji yanatembea, maji hayo yana mwenyewe. Yakiwa baridi, maangavu, bila harufu, huenda ni chemchemi au bomba la maji limepasuka, andika, pita. Yakiwa na povu, kuna mtu anaosha magari au nguo. Yakiwa na rangi za upinde wa mvua juu yake, tafuta garaji. Yakinuka choo, unajua. Panda nayo hadi mahali ambapo juu pamekauka na chini pana maji: mlango uko hapo katikati, mara nyingi bomba dogo limefichwa kwa jiwe.

Marekani, kanuni ya mwaka 1999 inaitaka miji midogo iwe na ramani inayoonyesha kila mahali mitaro inapotokea mtoni au ziwani. Sisi ramani yetu ni karatasi ya daftari na kalamu ya mti, na inatosha.

Ukimpata mwenye bomba, usimpigie kelele mbele ya wateja wake. Nenda na shefu (kiongozi) wa avenyu, msalimie, kaa kidogo. Mwenye garaji ukimletea bidoni (dumu) ya kukusanyia mafuta machafu anakusikiliza kuliko ukimletea hotuba. Mafuta hayo wapo wanaoyanunua, wanapaka mbao zisiliwe na wadudu.

Wanaojenga ndio wagumu zaidi. Mtu anakata mlima, udongo anauweka juu ya mtaro, mchanga wake barabarani, anasema atautoa kesho. Mwambieni apange mifuko ya udongo chini ya kilima chake na kufunika mchanga kwa turubai. Hasara ni yake pia, mchanga ameununua.

Kuna jambo la usiku. Mvua kubwa ikianza, wapo wanaofungulia choo kilichojaa, maji yabebe. Huwezi kuwakamata, na ukiona jinsi parseli (viwanja vya nyumba) zilivyobanana, gari la kunyonya halina pa kupita, unaelewa kwa nini. Kwa hiyo sisi tunapita nyumba zile sasa, kabla ya mwezi wa tisa, kuangalia shimo limebakiza kiasi gani. Msibishane na mpangaji, hana neno. Ombeni namba ya mwenye parseli. Wengi wanaishi Goma au Kinshasa, na simu wanaipokea usiku.