Kibali kwanza, kibarua baadaye: kwa askari anayetaka kazi ya pili

Ujumbe wa askari wanaoniandikia hufanana: mshahara hautoshi, jioni na wikendi zipo, je, nitafute kazi gani uraiani? Swali hilo lina jibu, ila linatanguliwa na karatasi.

Majeshi mengi hayakatazi kazi ya nje moja kwa moja. Yanachotaka ni kamanda ajue na aridhie kabla hujaanza. Ukianza kimyakimya ukaja kugundulika, kosa linakuwa kutoomba, hata kama kazi yenyewe ingepita bila neno. Inauma kuona askari hodari anaadhibiwa kwa kazi halali kwa sababu tu hakuandika barua.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Iwe na jina na anwani ya mwajiri, kazi utakayofanya hasa (usiandike "shughuli ndogondogo"), siku na saa za kuanza na kumaliza, muda wa safari kutoka kazini hadi kambini, na namba ya simu itakayopokelewa ukitafutwa. Ongeza kwamba hutatumia sare, cheo wala kifaa cha jeshi, na kwamba mwajiri hana zabuni kikosini kwako. Kama anayo, sema wazi. Ipitishe kwa mkuu wako wa karibu, usimruke. Toa nakala mbili, na iliyosainiwa ibaki kwako. Mahali pa kwanza pa kukwama huwa ni saa: umeandika "jioni", kamanda hajui jioni yako inaishia wapi.

Hizo saa zipige hesabu wewe mwenyewe kabla yake. Tuseme unaamka saa 11 alfajiri kwa ajili ya paredi, na zamu ya pili inaisha saa 5 usiku. Umekuwa macho saa 18, na bado hujapanda pikipiki kurudi. Watafiti wa usingizi walishaonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Safari dakika 40, kuoga, kuandaa kombati, unalala saa 6 na nusu. Saa 11 unaamka tena. Ni saa nne na nusu za usingizi, kisha unakabidhiwa silaha. Usiku wa kuamkia lindo au mazoezi ya kulenga shabaha usifanye kazi ya nje kabisa, hata kama mwajiri anaongeza malipo.

Kwa hiyo kazi nzuri kwa askari ni ile unayoweza kuiacha ndani ya saa moja ukiitwa kambini. Ufundi wa kupokea kwa oda unafaa: useremala, kutengeneza simu, kushona. Kufundisha masomo ya ziada kunafaa pia, kwa sababu kipindi kinahamishika. Kazi ya zamu yenye mkataba unaodai notisi ya siku kadhaa itakuumiza siku ya dharura, isipokuwa mwajiri akubali kuandika kwamba wito wa jeshi unatangulia zamu yake. Neno la mdomo halitoshi, maana msimamizi aliyekuahidi anaweza kuondoka.

Ulinzi wa silaha kwa kampuni binafsi ndio wengi wanaukimbilia, na ndio unaohitaji tahadhari kubwa. Ukifyatua risasi huko, utaulizwa ulikuwa nani wakati huo, na jibu litapiganiwa na mawakili. Usikubali pia kujaza nafasi ya wafanyakazi waliogoma. Na usiwauzie bima, mikopo au bidhaa walio chini yako kwa cheo: koplo hawezi kumkatalia sajini kwa uhuru. Marekani, kanuni za maadili za Wizara ya Ulinzi zinakataza kuwashawishi wanajeshi wa cheo cha chini wanunue, hata nje ya saa za kazi. Kuhusu kulipwa na serikali ya kigeni, huko hata mwanajeshi mstaafu huomba idhini kwanza.

Wanaosambaza vifurushi kwa kutumia programu za simu, zimeni utambuzi wa mahali kabla ya kufika getini, na muufungue mkiwa mbali na kambi. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa imechora wazi njia ambazo askari walikimbilia ndani ya kambi zao. Simu ya kazi hufanya jambo hilo hilo. Angalia pia bima ya chombo chako: bima ya matumizi binafsi kwa kawaida hailipi ajali iliyotokea ukibeba abiria au mizigo kwa malipo.

Kodi huwashtua wengi mwishoni mwa mwaka. Penye kiasi cha mapato kisichotozwa kodi, unakipata mara moja tu, na tayari kimetumika kwenye mshahara wa jeshi. Mweleze mwajiri wa pili siku ya kwanza kwamba una ajira nyingine, akate kodi ipasavyo, na utunze hati za malipo zote.

Ukibadilisha mwajiri, saa, au ukihamishiwa kikosi kingine, chukulia kibali cha zamani kimekufa. Andika barua mpya, na usiingie zamu hata moja mpaka isainiwe.