Nyota zinazokwenda pamoja zimezaliwa pamoja?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma kuwa nyota zinazoelekea upande mmoja kwa kasi moja ni ndugu wa kundi lililosambaratika. Kuna uhakika gani?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa mwendo peke yake, hakuna. Abiria wa basi moja si lazima watoke kijiji kimoja. Pao nene la nyota lililokatiza kitovu cha galaksi yetu, linapozunguka, huvuta nyota zisizohusiana na kuzipa mwendo mmoja. Mikono ya galaksi, ile mikanda ya nyota iliyojipinda, nayo hufanya hivyo.

Ndiyo maana mimi huiamini zaidi kemia. Pitisha nuru ya nyota kwenye spektroskopu, chombo kinachoitawanya nuru katika rangi zake, utaona rangi za upinde wa mvua zimekatwa na mistari myeusi: miwili iliyobanana penye manjano ni ya sodiamu, mitatu penye kijani ni ya magnesi, ya chuma imetapakaa kila mahali. Mistari hiyo ndiyo hutuonyesha kiasi cha kila elementi. Nyota ya aina ya Jua, uso wake hubaki karibu vilevile lilivyokuwa wingu la gesi lililoizaa. Kwa hiyo ndugu wa wingu moja wanapaswa kulingana, elementi kwa elementi.

Kisa kinachonisisimua ni cha kundi la HR 1614, nyota zinazokwenda pamoja ambazo mwanaastronomia Olin Eggen alizishughulikia karne iliyopita. Mwaka 2007 watafiti walitangaza vipimo vya nyota zake 18. Nyota 14 zililingana barabara, zote zikiwa na chuma kingi kuliko Jua, wakasema haya ni masalia ya kundi moja. Ushahidi mzuri, na wengi tuliukubali. Mwaka 2020 wengine wakaunganisha vipimo vya mwendo vya chombo cha angani cha Gaia na vya kemia vya mradi wa GALAH wa Australia, kwa nyota nyingi zaidi. Chuma kikapishana, umri ukapishana. Udugu ukavunjika.

Ukitaka ndugu wa kweli, tafuta Hyades, lile umbo la V lililo karibu na Kilimia. Lina umri wa miaka milioni 600 na ushee, na nyota zake zinalingana vizuri. (Ile nyekundu inayong'aa hapo, Aldebaran, si mwenzao, iko karibu nasi zaidi.) Lakini mkondo mpana unaobeba jina la Hyades, yaani nyota zilizotawanyika zinazokwenda mwendo mmoja na kundi hilo, ni baadhi tu ya nyota zake zinazolingana na kundi lenyewe.