Kamati ya utalii ya kijiji: nani ana mamlaka juu ya nini?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana wanaoongoza wageni kwenye michoro ya miambani wilayani Kondoa. Kuna mwekezaji anataka kujenga kambi ya mahema kwenye ardhi ya kijiji chetu, karibu na miamba. Anapendekeza iundwe kamati ya pamoja ya utalii yenye wajumbe kutoka kwake, halmashauri ya wilaya, serikali ya kijiji na sisi vijana, na kijiji kipate asilimia 10 ya faida. Wazee wa matambiko hawamo. Baadhi yetu wanasema tuharakishe asije akahamia kwingine. Je, kamati ya namna hii ina nguvu gani kisheria, na tuiundeje ili tusiwe watu wa kugonga mihuri tu?

JIBU: Ndugu katibu, kamati hiyo haina nguvu yoyote ya kisheria kwa kuundwa tu. Itakuwa na kiasi kile ambacho kila upande utaikabidhi kwa maandishi. Mwenye nafsi ya kisheria ni halmashauri ya kijiji: ndiyo inayoweza kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Kwa hiyo msianze na kamati. Anzeni kwa kuuliza nani ana nini, maana hapo kwenu kuna vitu vitatu na kila kimoja kina mwenyewe.

Ardhi ni ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inaisimamia kwa dhamana tu, na haiwezi kumgawia mtu kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Michoro ni habari nyingine. Inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na tangu 2006 eneo la Kondoa lenye kilomita za mraba 2,336 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Anayewaahidi fungu la kiingilio cha michoro anagawa kisicho chake. Cha tatu ni wageni, na hao ndio mtaji wa mwekezaji. Msimdharau hapo. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike, gari linaweza kutoka Dodoma asubuhi, likafika Kolo, watu wakaona michoro na kurudi jioni bila kununua kwenu zaidi ya soda. Mgeni anayelala ndiye anayebadilisha hesabu.

Hujasema kama mwekezaji ni Mtanzania, na jambo hilo ni kubwa. Asiye raia hawezi kupewa ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ni lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla (ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), na ikishahamishwa si ya kijiji tena, hata kambi ikifilisika mwaka unaofuata. Uhamisho wa eneo lisilofika hekta 250 unakubaliwa au kukataliwa na Mkutano Mkuu wenyewe. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na uamuzi ni wa waziri. Kambi ya mahema haihitaji eneo kubwa, kwa hiyo kauli ya mwisho mnayo ninyi. Kama ni Mtanzania, au kampuni ya Watanzania, ushauri wangu ni mkataba wa kutumia ardhi kwa miaka inayotajwa, wenye pango la kila mwaka, huku ardhi ikibaki ya kijiji.

Sasa ushirikishwaji. Nimesoma mihtasari mingi ya mikutano ya vijiji katika kazi hii, na penye tatizo huwa naliona kwenye karatasi za nyuma. Unakuta ukurasa mmoja wa muhtasari unaosema "wananchi waliridhia", kisha kurasa kadhaa za mahudhurio zenye majina, sahihi na alama za dole gumba. Waliosaini walikuwa wanasaini kuwa wamefika, pengine na kupokea posho, lakini karatasi imebanwa pini nyuma ya uamuzi na sasa inasomeka kama ridhaa. Kwenu muhtasari uonyeshe hoja iliyosomwa, nani aliuliza nini, akajibiwaje, wangapi walikubali na wangapi walikataa. Rasimu ya mkataba, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote wiki mbili kabla ya mkutano. Anayewahimiza mharakishe mwulizeni kwa upole haraka hiyo ni ya nani.

Kuhusu fedha, kataeni asilimia 10 ya faida. Sisemi mwekezaji ni mwizi. Faida ni kinachobaki baada ya yeye kutoa gharama zake zote: mkopo, magari, mishahara ya wakubwa, matangazo ya nje. Kambi inaweza kujaa wageni na vitabu vikaonyesha hasara miaka mitano mfululizo, tena kihalali kabisa, na hakuna mtu kijijini mwenye uwezo wa kuvikagua. Ombeni ada kwa kila mgeni kwa kila usiku anaolala. Hiyo inahesabika kwenye daftari la wageni, na mpishi na mlinzi wanajua jana walilala wangapi. Kwa mfano, ada ikiwa shilingi 5,000 na mwezi ukawa na malazi 120, ni shilingi 600,000, hakuna mjadala. Juu yake wekeni pango la ardhi lisilotegemea wageni, kwa sababu kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwa zinanyesha huenda mahema yakakaa matupu.

Fedha ziingie akaunti ya kijiji, na mapato na matumizi yasomwe kwenye Mkutano Mkuu wa kila robo mwaka, ambao kijiji kinatakiwa kuufanya hata kama hakuna utalii.

Wazee wa matambiko kuachwa nje ni kosa kubwa kuliko mengine yote kwenye pendekezo hilo. Mungumi wa Kolo ni mahali ambapo Warangi wanaendelea kufanya matambiko ya mvua na ya uponyaji, na uhai huo wa mila ni sehemu ya sababu za eneo kutambuliwa na UNESCO. Kuna mvutano wa kweli hapo, kwa sababu wataalamu wa hifadhi wanaogopa pombe na mafuta yanayorushwa ukutani yasiharibu rangi, nao wazee wana haki ya mahali pao. Kamati yenu haitaumaliza, ila iweke mambo mawili kwenye mkataba: wazee watangaze siku ambazo mgeni haruhusiwi, bila kudaiwa sababu, na kambi isiuze tambiko kama burudani. Wasipotaka kuketi kwenye vikao na vijana na wawekezaji, waachwe. Haki ya kufunga siku isitegemee kiti.

Baada ya hayo ndipo kamati. Iwe ndogo, wajumbe wa kijiji wachaguliwe na Mkutano Mkuu, na mwenyekiti asiwe mwekezaji. Mwalikeni ofisa wa taasisi inayosimamia michoro na ofisa utamaduni wa wilaya. Na hapa nitawaudhi kidogo: ninyi waongoza wageni msiwe na kura kamati inapopanga malipo ya kuongoza wageni. Mnayoyakataa kwa mwekezaji msiyafanye ninyi.

Maji, umeme na barabara ya kuingia kambini msivilundike kwenye kamati hii. Vipelekeni Baraza la Biashara la Wilaya, ambalo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya na ambamo sekta binafsi ina wajumbe. Vilevile mwulizeni mwekezaji kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 2004. Katika mchakato huo wananchi wanatakiwa kusikilizwa, na hoja ya choo na maji machafu karibu na miamba mahali pake ni pale.

Rasimu ikishapatikana, ipelekeni kwa mwanasheria wa halmashauri ya wilaya kabla haijabandikwa kwenye mbao, na mwombeni majibu yake kwa maandishi ili yasomwe siku ya mkutano.