Kabla ya Kuziamini Pakiti Ulizonasa

Watumiaji wanapolalamika kwamba mfumo ni mzito, kila upande huwa na wa kumtupia lawama: msimamizi wa seva humsingizia mtu wa mtandao, mtu wa mtandao humsingizia mtoa huduma wa intaneti, naye mtoa huduma hutuma mchoro wa kuonyesha kuwa laini yake haina tatizo. Mabishano ya namna hiyo mimi huyamaliza kwa kifaa cha kunasa pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri kwenye mtandao, kwa kuwa chenyewe huhifadhi kilichopita kwenye waya na saa kilipopita. Lakini ushahidi huo una thamani pale tu ambapo kifaa kimefungwa mahali panapofaa na hakikupoteza pakiti njiani, jambo ambalo mafundi wengi hawalihakiki.

Kifaa chenyewe si lazima kiwe cha bei kubwa. Kompyuta ndogo yenye Linux, kadi mbili za mtandao na diski ya SSD inazitosha ofisi nyingi. Kadi ya kwanza ipewe anwani ya IP ili uweze kukisimamia kifaa ukiwa mbali. Ya pili, ambayo ndiyo ya kunasa, isipewe anwani yoyote, ili isitume chochote kwenye mtandao unaouchunguza.

Mahali pa kukichomeka ndipo penye kazi. Swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja) nyingi zinazosimamiwa zinaweza kunakili trafiki ya poti moja na kuipeleka kwenye poti nyingine; kampuni ya Cisco huuita uwezo huo SPAN. Njia hii ni rahisi na haikati huduma, ila ikumbukwe kwamba poti ya gigabiti 1 hupokea na kutuma kwa wakati mmoja, hivyo nakala ya pande zote mbili inaweza kufika gigabiti 2 kwa sekunde, na poti inayoipokea ina nafasi ya gigabiti 1 tu. Kinachozidi hutupwa na swichi, na kifaa chako hakiwezi kujua. Kwa laini yenye shughuli nyingi ninapendelea TAP, yaani kifaa kinachowekwa katikati ya kebo na kutoa nakala ya kila upande kwa waya wake, ingawa kukifunga kunahitaji kukata huduma kwa muda mfupi na kuongeza kadi moja ya kunasa.

Diski nayo ipigiwe hesabu mapema. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125, na kwa saa moja ni gigabaiti 450 kwa upande mmoja. Ndiyo maana mimi hutumia dumpcap, programu ya kunasa pakiti, kwa mafaili yanayozunguka, ambapo faili la zamani kabisa hufutwa ili kupisha jipya: `dumpcap -i eth1 -w nasa.pcapng -b filesize:1000000 -b files:400` huchukua takriban gigabaiti 400 na haivuki hapo. Ukitaka kubana zaidi, ongeza `-s 128` ili zihifadhiwe baiti 128 za mwanzo za kila pakiti. Zinatosha kuchunguza mwenendo wa TCP, yaani kanuni za kufikisha data na kuthibitisha kuwa imepokelewa, lakini majibu ya DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za IP, yanaweza kukatwa.

Kabla ya kuanza, saa ya kifaa ilinganishwe na seva kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao, la sivyo kumbukumbu za pande mbili hazitaoana. Zima pia uunganishaji wa pakiti kwenye kadi kwa `ethtool -K eth1 gro off`, kwani bila hivyo utaona pakiti kubwa ambazo hazikupita kwenye waya kwa ukubwa huo. Baada ya kunasa, soma hesabu ya pakiti zilizotupwa, ambayo programu huionyesha inapofungwa. Wireshark, programu ya kusomea pakiti zilizonaswa, ikikuambia mara kwa mara kwamba upande mmoja umethibitisha kupokea kipande ambacho hakimo kwenye faili, shuku unasaji wako kabla ya kuushuku mtandao.

Pata pia kibali cha maandishi. Pakiti hubeba mawasiliano ya watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mafaili yafungwe kwa nywila na yafutwe kazi inapokwisha.

Nitoe mfano mmoja. Katika ofisi moja, mfumo wa uhasibu ulichelewa kila ulipofunguliwa, kisha ukaenda vizuri. Maudhui yalikuwa yamesimbwa kwa TLS, itifaki ya kuficha mawasiliano, lakini muda haufichwi. Swali la DNS lilitoka kwenye seva ya Linux ya mfumo huo, ikapita kimya sekunde 5 kamili, kisha swali lile lile likaenda kwa seva ya pili ya majina, nayo ikajibu papo hapo. Sekunde 5 ndio muda ambao Linux husubiri kwa kawaida kabla ya kujaribu seva inayofuata, kwa hiyo chanzo kilikuwa seva ya kwanza ya majina, ambayo ilikwisha kuzimwa lakini ikabaki kwenye `/etc/resolv.conf`, faili linaloorodhesha seva za majina. Kwa kuwa hesabu ya pakiti zilizotupwa ilikuwa sifuri, na TAP ilikuwa kwenye kebo ya seva ya Linux iliyouliza, hakuna aliyeweza kudai kwamba jibu lilikuja ila halikunaswa. Mstari wa seva hiyo ya majina ukafutwa kwenye faili, tukanasa tena, na swali la kwanza likajibiwa bila kuchelewa.