Kabla hujaipiga nikeli bastola ya mzee, ijue kwanza

Mdogo wangu wa Mafinga alinipigia simu akiwa na mipango yake tayari. Bastola aliyoiacha baba ingepigwa nikeli ing'ae, vibao vya mpini viwe vya mpingo, na nyundo ichongwe kidogo ipate umbo la kisasa. Leseni ilishahamia kwake, silaha ni yake. Nikamwambia, "Sawa, lakini usimpe fundi kabla hatujajua ni bastola gani." Niliyomwelekeza ndiyo nayaandika hapa.

Kwanza karatasi. Kama mzee amefariki na silaha bado imo sandukuni, usianze kuuliza bei. Ipeleke kituo cha polisi, kisha mrithi aombe leseni kwa jina lake kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bila leseni huna mali, una kesi.

Baada ya hapo hakikisha haina risasi, ielekeze mahali salama, na uisome kwenye mwanga mzuri. Usiisugue. Msasa na stili waya vinakula maandishi madogo ambayo ndiyo tunayatafuta. Kitambaa laini na mafuta kidogo ya silaha yanatosha.

Ya mzee iliandikwa kwenye bodi, chini ya nyundo: ENFIELD, No 2, MK I, na mwaka. Hii ni bastola ya silinda ya risasi sita, inayokunjuka katikati, iliyokuwa ya kawaida katika jeshi la Uingereza tangu miaka ya 1930 na wakati wa Vita ya Pili. Lakini zingatia kitu kidogo sana: kinyota baada ya MK I. Mwaka 1938 jeshi lilianza kutoa toleo lenye kinyota, ambalo nyundo yake haina pembe ya kukokea kwa kidole gumba. Bastola nyingi za zamani zilirudishwa karakana zikakatwa pembe hiyo. Kwa hiyo MK I iliyobaki na pembe yake ni adimu kuliko zile nyingine, na mkusanyaji huilipia zaidi. Na kitu alichotaka kuchonga mdogo wangu kilikuwa kipi? Pembe hiyo hiyo.

Halafu linganisha namba. Namba ya bodi, ya mtutu na ya silinda zinapaswa kufanana. Zikitofautiana, sehemu fulani ilibadilishwa na bei inashuka. Tafuta pia alama ya mshale, ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili imegusana ncha kwa ncha, usishtuke: maana yake jeshi liliitoa kihalali ikaenda uraiani. Alama za majaribio za Birmingham, Uingereza, zenye taji (kuonyesha silaha ilipimwa usalama) nazo ziligongwa kwenye silaha nyingi zilipouzwa kwa raia. Hizo si kasoro, ni sehemu ya historia yake. Namba zenyewe usiziguse kabisa. Kufuta namba ya silaha ni kosa la jinai.

Sasa hadithi. Huku kwetu kila bastola ya zamani ni ya Mjerumani, na ukikaa Iringa muda mrefu utaambiwa ilitoka Lugalo, Mkwawa alipolipiga jeshi la Mjerumani Zelewski mwaka 1891. Lakini Lettow-Vorbeck, jenerali wa Wajerumani, alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala ya Zambia, Novemba 1918. Bastola yenye mhuri wa mwaka 1934 haikuwepo wakati huo, hata babu aape vipi. Hadithi huongeza bei ikiwa na barua, picha au risiti ya zamani.

Kuhusu bei, angalia minada ya Marekani, na utazame kiasi kilicholipwa kweli. Kiasi anachoomba muuzaji hakikuambii kitu. Lakini usianze kujenga nyumba kwa fedha hizo. Bei ya kule ni ya soko ambalo wewe wa Njombe au Mbeya huingii kirahisi: hapa silaha haibadili mkono bila kupitia polisi, na wanunuzi wa vitu vya kale ni wachache. Tena risasi zake ni shida. Inatumia .380 ya bastola ya silinda, ambayo si .380 ya bastola za otomatiki, wala si .38 Special. Usijaribu kubahatisha kwa sababu tu inaingia.

Kwa maoni yangu, bei ya mnada isikutishe wala isikulevye. Inayofaa ni kujua kipi kinarudishika. Nikeli hairudishiki, na rangi ya kiwandani ikishatoka haipatikani tena. Mkusanyaji huitambua mara moja na kuondoka. Nyundo iliyochongwa vivyo hivyo. Vibao vya mpini vinarudishika, mradi vya asili havitupwi na bisibisi inaenea vizuri kwenye skrubu, kwani wanunuzi hutazama vichwa vya skrubu kabla ya kitu kingine. Mdogo wangu alipata mpingo wake, kwa fundi mwenye kibali, na nyundo haikuguswa.

Ila kama yako namba hazifanani, imeshapakwa rangi upya na mtu wa zamani, na mtutu umeliwa na kutu ndani, thamani ya ukusanyaji haipo ya kulinda. Ipige nikeli ukipenda, alimradi mafundi wawe wale wenye kibali na leseni yako iwe hai.